Dudek Alikutwa Akicheza

Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani kwa miaka kumi na tisa, na barua za onyo nimeziona za kila rangi. Nimewatetea walevi, nimewatetea wagomvi, nimemtetea hata jamaa mmoja aliyekutwa anakaanga soseji juu ya tanuri la kuyeyushia alumini. Lakini barua ninayoikumbuka kuliko zote ina mstari mmoja tu: "Dudek, C., alikutwa akicheza." Mimi ndiye niliyemshawishi akubali iandikwe hivyo. Na kama kuna mtu katika mji wetu, pengine katika Michigan nzima, ambaye hakujua kucheza, basi ni huyo Dudek.

Jina lake kamili Casimir, sisi tulimwita Kaz. Alikuwa fundi kalibu, yaani yule anayechonga chuma ambamo vipuri vya gari humiminwa vikatoka na umbo lake. Kazi hiyo haitaki haraka wala haitaki maneno. Mtu anainama na tupa yake, anakwangua, anapapasa kwa kidole, anakwangua tena. Kaz alikuwa akipitisha ukucha juu ya chuma akakwambia kimezidi kiasi gani, ukipima kwa chombo unakuta ni hivyo hivyo. Nimewahi kubishana naye kwa ajili ya kumjaribu tu, nikaaibika.

Alizaliwa upande wa mashariki wa mji, kwa Wapolandi, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa lao. Baba yake alifanya kazi ya kusubu chuma miaka thelathini na minane. Alistaafu siku ya Ijumaa, Jumamosi asubuhi akatoa kiti barazani akakaa. Alikaa wiki sita, wiki ya saba wakamzika. Daktari alisema ni moyo. Kaz hakukubali kamwe.

"Moyo gani?" aliniambia siku moja. "Moyo ulikuwa mzima miaka thelathini na minane mbele ya moto. Kukaa ndiko kulikomuua, Odell. Nilimwona kwa macho yangu, kila siku anapungua."

Basi yeye hakukaa. Saa za ziada zikitangazwa, jina lake ndilo la kwanza. Jumamosi yupo, Jumapili akitoka misa yupo. Alhamisi jioni idara yote ilikwenda kwenye ukumbi wa bouling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira mzito, wake kwa waume, bia na kelele. Kaz alilipa ada ya timu kila mwaka asije. Mara moja tu tulimburuta kwa nguvu. Alitupa mpira mmoja, akaangalia pini zinavyojipanga zenyewe kule mwisho, kisha tukampoteza. Tulimkuta nyuma ya ukuta na mhudumu wa ukumbi, wamefungua mashine, mikono imejaa grisi. Halina, mkewe, alikuwa amevaa gauni jipya usiku ule. Alirudi nyumbani kwenye gari langu.

Halafu ikaja ile mashine inayochonga kalibu kwa kompyuta. Iliwekwa ndani ya chumba cha vioo, kijana mmoja akakaa mbele ya skrini na kikombe cha kahawa, na mafundi kalibu kumi na mmoja wakawa hawana kazi. Wakafuatia mafundi wengine kutoka idara nyingine, umeme, mabomba, mpaka wakafika watu arobaini na mmoja.

Hawakufukuzwa. Hapo ndipo tulipojiona wajanja sisi wa chama. Tuligoma wiki kumi na moja kwenye theluji ili mkataba useme hivi: mtu akisukumwa na mashine hatafukuzwa, atalipwa mshahara wake kamili mpaka apatiwe kazi nyingine. Kampuni ikasaini. Ila ikaongeza mstari wake: sharti aje kazini kila siku, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane na nusu mchana, na awe mahali alipopangiwa. Mahali penyewe palikuwa ghala la zamani la rangi, halina dirisha, limepangwa mabenchi yote yakielekea upande mmoja. Kampuni ilipaita Kituo cha Kusubiri. Watu walipaita Kanisani.

Mwaka wa kwanza Kanisani palikuwa na raha yake, nisiseme uongo. Watu walileta karata, walileta redio, walicheka vicheko ambavyo sikuwahi kuvisikia kwenye mashine. Wengine walikuwa hawajawahi kuzungumza kwa miaka ishirini kwa sababu ya kelele, sasa wakagundua kuwa jirani zao ni watu wazuri. Kaz alikaa pembeni anafuta miwani.

"Wewe Kaz, njoo hapa, tunakosa mtu wa nne!" aliita Royce Tuttle. Royce alikuwa fundi umeme, mtu wa milima ya Tennessee, mrefu, mdomo haufungi.

"Nitacheza nikifa."

"Ukifa hutacheza, mzee. Utaamka useme jeneza lina msumari umekaa kombo, leteni nyundo."

Arobaini wakacheka. Kaz naye akatabasamu, lakini hakusogea.

Kisha mtu mmoja, mpaka leo hatujamjua, akampiga picha Royce ameweka miguu mezani, karata mkononi, meno yote nje. Picha ikatoka gazetini. Chini yake waliandika kwamba huyu analipwa kwa kucheza. Mji wetu ule nusu yake haukuwa na kazi. Watu waliotusalimia jana wakaanza kutugeuzia mgongo dukani. Mke wa Royce alimwagiwa soda kwenye kituo cha mafuta. Kampuni ilikuwa inangoja hilo tu. Jumatatu yake tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni: kulala, onyo, kucheza mchezo wowote, onyo, kufanya kazi yoyote bila kibali, kufukuzwa.

Nilikwenda kumwona Bwana Hadley, meneja wa wafanyakazi, mtu wa miaka thelathini na tatu mwenye dawati lisilo na kitu juu yake.

"Kucheza naelewa," nikamwambia. "Hili la kufanya kazi ni la nini? Mtu anafukuzwa kiwandani kwa kufanya kazi?"

"Odell, mlitaka wenyewe. Mkataba unasema hawa hawana kazi. Mmoja akifanya kazi, basi anayo, na nafasi yake Kanisani inakufa. Au nakosea?"

Hakukosea. Nilikuwa nimeusaini mkataba ule, nikapigwa picha nikiusaini.

Basi wakakaa. Sijui kama mmewahi kuona watu wazima arobaini na mmoja wamekaa kwenye mabenchi bila kufanya lolote, muda wa saa nane na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki. Ofisi yangu ilitazamana na mlango wao, niliwaona kila nilipoinua kichwa. Wiki za mwanzo walizungumza. Baadaye maneno yakaisha. Nilidhani walevi wangeteseka zaidi, lakini aliyeteseka zaidi ni Kaz. Mikono yake haikujua iende wapi. Alipima benchi kwa kidole gumba, kutoka huku mpaka huku, akarudia. Alipima goti lake. Alipungua kilo nyingi hata mkanda ukahitaji tundu jipya, nalo nadhani ndilo jambo pekee alilolifurahia mwezi ule, kulitoboa.

"Bado miezi minane," nilimwambia siku moja nilipopita. Kwetu mtu akitimiza miaka thelathini kazini anaondoka na pensheni yake kamili na bima ya matibabu, hata awe na umri gani. Kwa Kaz bima ile haikuwa jambo la kubahatisha. Figo za Halina zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, na iliyokuwa inalipia ni ile bima. Bila bima, Halina asingemaliza mwaka.

"Miezi minane," alinijibu. "Baba alimaliza wiki sita."

Mchana walikuwa huru, na mjukuu wake Josie, mtoto wa miaka tisa, alikuwa anacheza besiboli timu moja na mjukuu wangu. Nikamwambia Kaz, sasa huna visingizio, twende. Akaja. Alikaa jukwaani dakika kumi, akaanza kuangalia geti la uwanja, lilikuwa linalalia upande mmoja na kulia kila mtu akipita. Nikamwambia, Kaz, tazama mchezo. Akasema ndiyo. Nilipogeuka hayupo. Mara Josie akaupiga mpira ukapita juu ya vichwa vya watoto wote, ukavuka uzio, akazunguka uwanja mzima watu tumesimama tunapiga kelele. Babu yake alikuwa amepiga magoti getini na bisibisi ya mfukoni.

Josie alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Babu, uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Hukuniona. Ulikuwa unatazama geti."

Akaenda zake kwa wenzake. Geti halikulia tena, hilo niseme. Kaz alirudi akakaa kando yangu, akawa anakunja na kukunjua ile bisibisi. "Siwezi kukaa, Odell," akasema. "Nikikaa tu namwona mzee." Nilimkasirikia siku ile. Nilifikiri mtu aliyekosa kumwona bintiye akikua, kisha akamkosa na mjukuu huku yupo pale pale, huyo hana wa kumlaumu ila mwenyewe.

Sasa nije kwenye saa. Kanisani palikuwa na saa moja ya ukutani, kubwa, ya umeme, na tangu karata na redio viondoke, mishale ya saa ile ndiyo kitu pekee kilichotembea mle ndani. Siku moja ikasimama kwenye saa tatu na dakika arobaini. Ikaandikwa hati ya matengenezo, wiki ikapita. Wiki ya pili, kimya. Mafundi umeme waliobaki kiwandani walikuwa watatu, wana mashine za kuangalia, saa ya watu wasio na kazi ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yao. Wiki ya tano bado ni saa tatu na dakika arobaini. Na aliyekaa chini yake hasa, kichwa kikigusa ukuta, ni Royce Tuttle, fundi umeme wa miaka ishirini na minne.

"Royce, si uishushe tu hiyo saa!" mtu alimwambia.

"Umesoma mlangoni? Nikiigusa niko nje."

Nilikuwa nimeingia na kahawa yangu asubuhi ile Kaz alipoinuka. Alipanda benchi kando ya Royce, akachomoa waya, akaishusha saa, akaipakata. Akafungua mgongo wake kwa sarafu. Kijino kimoja cha chuma kilikuwa kimelika, gia inazunguka bure. Akatoa kibanio cha karatasi mfukoni, akakikata kwa kikata kucha, akapiga goti, akaanza kukisugua kwenye sakafu ya saruji. Anasugua, anapima kwa ukucha, anasugua. Watu arobaini walikuwa wanamtazama na hakuna aliyeangalia mlango. Mimi nilipaswa kusema, "Kaz, acha." Sikusema, kwa sababu nilikuwa naangalia uso wake. Nilikuwa sijauona uso ule miaka miwili. Alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyerudi kwake, na mimi nilifurahi naye mpaka kahawa ikanipoa mkononi.

Dakika ishirini. Akairudisha ukutani, akaweka majira kwa kufuata saa yangu ya mkononi. Ikatembea. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Royce hakupiga. Alasiri alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango nyuma yake.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Lalamiko. Fundi kalibu kafanya kazi ya fundi umeme."

"Royce, acha utani. Ni saa tu."

"Utani? Nimekaa chini ya saa ile wiki tano, Odell. Najua ugonjwa wake tangu siku ya kwanza, nilikuwa nausikia kwa kisogo. Nimekatazwa kuigusa, nimetii. Gazeti limenifanya kichekesho cha mji, mke wangu kamwagiwa soda, nimenyamaza. Kitu kimoja katika kiwanda hiki bado kilikuwa na jina langu, ni ile saa. Halafu huyu anapanda benchi juu ya kichwa changu, na nyinyi mnapiga makofi?"

"Kaz ni rafiki yako, bwana."

"Ni rafiki yangu. Mwaka themanini na saba nilipitisha tupa kwenye kalibu yake, mara mbili tu, ili waya wangu upite. Nani aliniandikia? Wewe. Nani alikuja kulalamika kwako? Sema."

Ilikuwa kweli. Kaz alikuja mwenyewe, kitabu cha kanuni mkononi, amegeuka mbogo. Na alikuwa na haki. Kanuni ile, kwamba kazi ya fundi haiguswi na fundi mwingine, hatukuitunga kwa kupenda ugomvi. Zamani kampuni ilimshikisha mtu mmoja kazi za watatu, wawili wakaenda nyumbani. Watu walipigwa virungu getini ili iandikwe. Kwa hiyo nikatoa fomu. Niliandika mistari miwili, na kwenye nafasi ya "ombi" nikaweka yale maneno ninayoweka kila mara, ambayo mkono wangu unayaandika wenyewe: tunaomba hali irudishwe kama ilivyokuwa. Royce akasaini. Nilikuwa na hakika karatasi ile italala kwenye mtoto wa meza wa Hadley pamoja na nyingine, baadhi zikiwa zimelala humo miaka minne.

Kesho yake saa mbili Hadley aliniita. Karatasi yangu ilikuwa juu ya dawati lake tupu, peke yake.

"Ahsante kwa hili," akasema. "Chama chenyewe kinathibitisha kwamba Bwana Dudek alifanya kazi. Mwite saa nne. Utakaa naye."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kila mtu aliyeondolewa Kanisani alikuwa mzigo mmoja ambao kampuni imeutua, na mimi nilikuwa nimewapelekea mmoja mkononi, na sahihi juu. Nilitoka pale nikijichukia kama sijawahi.

Nikamchukua Kaz koridoni, kando ya mashine ya soda, nikamweleza yote. Nilidhani atanitukana. Alisikiliza tu, kisha akauliza, "Royce ndiye aliyesaini?"

"Ndiye."

"Ana haki. Hata mimi ningesaini."

"Kaz, nisikilize. Kuna njia moja. Kufanya kazi ni mlango. Kucheza ni barua tu. Akikuuliza ulikuwa unafanya nini na saa ile, sema ulikuwa unacheza. Ulichoka kukaa, ukachezea saa, ikatokea ikatembea. Basi. Barua moja, haijawahi kumuua mtu."

"Sijawahi kupata barua. Miaka ishirini na tisa."

"Najua."

"Na sikuwa nacheza."

"Najua, Kaz!"

"Dakika zile ishirini," akasema polepole, "ndizo kazi pekee niliyoifanya tangu mashine ije. Ndizo pekee, Odell. Unataka niziite mchezo?"

"Nataka Halina aende hospitali Jumatano kama kawaida yake."

Akaniangalia. Sina haja ya kueleza aliniangaliaje. Akatoa leso, akafuta mikono yake ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaingia mbele yangu.

Hadley aliuliza kwa adabu kabisa. "Bwana Dudek, jana ulikuwa unafanya nini na saa ya ukutani?"

Kaz alitazama mikono yake mapajani. "Nilikuwa nacheza."

"Samahani, sikusikia."

"Nilikuwa nacheza!"

Hadley hakuamini, lakini hakuwa mpumbavu, alijua nitambishia mpaka kwa mwamuzi. Akaandika. Akageuza karatasi Kaz asaini, na Kaz akasaini kwa ile hati yake nzuri ya fundi, herufi zote zimenyooka. Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kuinuka.

"Bado," akasema Hadley. "Kuna lalamiko la chama. Nimelikubali."

Miaka yangu yote ya uwakilishi hakuna meneja aliyewahi kunikubalia lalamiko ndani ya siku moja. "Umelikubali vipi?"

"Ombi lenu hili hapa. Hali irudishwe kama ilivyokuwa. Bwana Dudek atarudisha saa ilivyokuwa."

"Yaani aiharibu?"

"Hilo neno ni lako."

"Na hiyo si kazi?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti. "Akikitoa kile kijino utasema kafanya kazi, umfukuze!"

"La hasha. Kama kuiweka ulikuwa mchezo, kuitoa pia ni mchezo. Au aliiweka kwa kazi?"

Alikuwa ananiangalia mimi, si Kaz. Nikisema ilikuwa kazi, Kaz yuko nje siku hiyo hiyo. Nyinyi mnaosoma mnaweza kuwa na majibu mazuri, mimi wakati ule sikuwa nalo hata moja.

Tukarudi Kanisani watatu. Kaz alipanda benchi lile lile. Royce alijisogeza kumpisha, alidhani kuna kitu kimelegea, hata akanyoosha mkono kupokea saa. Kaz akaifungua kwa sarafu, akakichomoa kile kijiti cha kibanio kwa ukucha, akaifunga, akairudisha ukutani. Akapeleka mishale kwa kidole mpaka saa tatu na dakika arobaini, maana Hadley alisema kama ilivyokuwa. Kijiti akakiweka kwenye kiganja cha Hadley, kidogo kuliko punje ya mchele. Hadley hakujua akifanyie nini, akakitia mfukoni.

Royce alinifuata mpaka ofisini, uso umemwiva. "Mimi sikusema aiharibu! Nilitaka ijulikane tu ni kazi yangu!"

"Ulisaini, Royce."

"Nilisaini sikuisoma!"

"Na mimi niliandika sikuisoma. Nenda kakae."

Nilimfokea, na hakustahili. Siku ile nilimfokea kila niliyekutana naye, mpaka mke wangu.

Kaz alimaliza miezi yake iliyobaki. Watu watawaambia alizoea, na kwa kutazama ungesema hivyo. Mikono ilitulia. Hakupima tena benchi wala goti. Alikuja saa kumi na mbili kasoro, akakaa, akaangalia ukuta, saa nane na nusu akainuka. Hadley mwenyewe aliniambia kwamba Dudek sasa hana matatizo kabisa. Siku ya kuaga tulimletea keki, Royce akatoa hotuba ndefu, akalia katikati. Kaz alimkumbatia. Alitushukuru wote kwa majina, akaondoka na faili lake lenye barua moja ndani.

Nilikwenda kumtembelea mwezi wa saba. Nilimkuta barazani kwenye kiti, mikono juu ya sehemu za kuegemeza. Baiskeli ya Josie ilikuwa imeegemezwa kwenye ngazi, mnyororo umetoka, unaning'inia. Nilidhani ndiyo kwanza imetoka, lakini nyasi zilikuwa zimeota katikati ya magurudumu.

"Karibu, shemeji," Halina aliita kutoka jikoni. "Ingia ule kabla hujaanza siasa zako." Alikuwa amekonda, lakini yupo, anachemsha vile viandazi vyao vya viazi, na mkononi plasta ya hospitali. Yupo kwa sababu ya lile neno nililomfundisha mumewe, na hilo nalijua, wala silifuti. Gereji niliiona kwa mlango wa ndani: tupa zake zote zimepakwa mafuta, zimefungwa vitambaa, zimepangwa kama vitu vya marehemu.

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha. Chini yake wameweka sufuria, limejaa nusu.

"Lina muda gani hili?" nikauliza.

"Tangu Pasaka," akasema Halina. "Namwambia, ananijibu ngoja." Alisema kwa sauti ya chini, na alikuwa anaogopa, niliona.

Kaz alikuwa ameingia, amekaa mezani. Bomba lenyewe lilitaka kiraba tu, kazi ya dakika tano, hata mimi mjinga wa vyuma naiweza. Nikakunja mikono ya shati. "Spana iko wapi? Nikutengenezee hili sasa hivi tule kwa amani."

"Acha," akasema Kaz.

"Dakika tano, bwana."

"Wewe ni fundi bomba?"

"Kaz..."

"Nimekuuliza. Wewe ni fundi bomba? Una kibali?" Hakupandisha sauti. "Usiguse. Ukigusa nitakuandikia."

Nikacheka, maana lazima iwe mzaha, huyu ni Kaz. Halina hakucheka. Kaz alikuwa ananiangalia ananisubiri, mikono yake miwili imelala mezani, safi, kucha zimekatwa vizuri. Nikaishusha mikono ya shati langu, nikafunga vifungo, nikakaa. Halina akatuwekea chakula, akamwaga maji ya sufuria, akalirudisha chini ya bomba.